Uknihti wa Wulmar wa Holmey

Je, ungekubali kupigwa mbele ya watu, mikono yako ikiwa chini, na kuapa kwamba aliyekupiga hutamrudishia maisha yako yote, ili mradi uitwe mtu mkubwa? Usiharakishe kusema hapana. Nimewaona vijana wenye akili timamu wakililia pigo hilo kama mtoto anavyolilia ziwa la mama. Wulmar wa Holmey hakulililia. Alipewa. Habari zake naziandika kwa sababu wanaoandika habari za wapanda farasi huandika za wenye mashamba na majina marefu, na mchunga farasi hufa bila kupewa hata mstari mmoja.

Wulmar alizaliwa kwetu Holmey, kipande cha nchi kavu katikati ya mabwawa, ambako mtu hujua kuvua mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kabla hajajua kusali. Baba yake alikufa mwaka ule tuliposwagwa kubeba udongo wa kuinua kilima cha ngome. Kilima kilikuwa bado kibichi, mvua ikakinyeshea usiku kucha, na asubuhi ubavu wake mmoja ukaporomoka ukawafunika wanaume waliokuwa chini pamoja na vikapu vyao. Hamo, bwana wa ngome, hakuruhusu wafukuliwe. Alisema waliomo watakishikilia kilima kisiporomoke tena. Ngome yake ya mbao imesimama juu ya vifua vyao hadi leo.

Miaka michache baadaye wapanda farasi wa Hamo walimchukua Wulmar, wakamtupa juu ya tandiko kama gunia la shayiri, akawatunzie farasi. Leveva, mama yake, aliwafuata kwenye tuta akiwatukana, mpaka mmoja wao alipogeuza mkuki akamtandika mgongoni kwa mpini, akaanguka matopeni.

"Mtumikie kafiri upate mradi wako, mwanangu," alimwambia kutoka humo topeni. "Ila moyo usiulaze kwake."

Kwa lugha yetu mtoto wa kiume ni knihti. Leveva alipotaka kuni alisema, knihti, lete kuni. Mtumishi anayekula mkate wa mwenzake naye ni knihti, hata akiwa na mvi. Na uknihti, katika vitabu vikuukuu alivyorithi baba yangu, ni ule umri wa mvulana kabla hajaota ndevu. Humo nimesoma habari za uknihti wa Bwana wetu, alipokuwa akimtii mama yake nyumbani. Imekuwaje basi jina hilo likawa la hawa wenye deraya wanaochoma maghala ya watu?

Bibi yangu alikuwa na jibu lake. Alisema wageni hawa walipovuka bahari na kutushinda, wenyewe walijiita wapanda farasi, kwa Kifaransa chao. Lakini babu zetu waliwatazama wakiwa mezani. Waliwaona wamekaa mwisho wa meza ya mkubwa wao wakingoja kurushiwa nyama, wakimshikia kikuku cha tandiko akipanda, wakichapwa makofi bila kuinua mkono. Babu zetu wakatazamana wakasema, kumbe hawa ni knihti tu, vijana wa kutumwa. Lilikuwa tusi. Siku hizi wajukuu wa waliotukanwa wamelivaa kama mkufu, na wajukuu wa waliotukana wanalipigia magoti.

Sina hakika kama bibi alisema kweli. Nina hakika kwamba neno hilo lina swali ndani yake, na wenye deraya hawapendi kuulizwa. Mtumishi, vyema. Wa nani?

Wulmar hakuwa na muda wa maswali hayo. Alilala na farasi, akanuka farasi, na farasi dume mmoja akamng'oa sikio la kushoto. Alikua mtu mrefu, mzito wa kusema, mwenye viganja kama sepetu. Kifaransa alijifunza kwa kutukanwa, ndiyo maana matusi yake yalikuwa na lafudhi safi kuliko sala zake.

Mimi nilimkuta katika hali hiyo. Baba yangu, Alsi, ndiye padri wa Holmey, maana mapadri wa kwetu bado huoa, nami nilikuwa nimekwenda Oxford kusoma kwa walimu wa huko. Mfalme na binamu yake walipoanza kugombea kiti, na kila mwenye kilima akajifanya mfalme wa kilima chake, barabara zikawa za wanyang'anyi, nikarudi nyumbani. Hamo alinikamata njiani. Kasisi wake alikuwa amekufa kwa homa ya mabwawa, na alitaka mtu wa kumsomea na kumtafsiria. Hakuniuliza kama nataka.

Miongoni mwa wapanda farasi wa Hamo alikuwamo Turstin, kijana mwenye nywele nyekundu, mtani, aliyekuwa akimwita Wulmar Chura, kama walivyotuita watu wote wa mabwawani.

"Chura, farasi wangu amekula?"

"Amekula, bwana. Amekula kunishinda mimi."

"Basi nenda kamalizie nyasi alizobakiza."

"Nimeshamaliza, bwana. Ndiyo maana najua amenishinda."

Turstin alicheka mpaka akajishika mbavu, akamrushia mfupa wenye nyama. Usidhani alikuwa mtu mwema. Turstin huyohuyo nilimwona akimning'iniza mvuvi mmoja kwa vidole gumba juu ya moshi wa majani mabichi, ili aseme alikoficha mbegu zake, na muda wote huo alikuwa akiimba kwa mluzi. Mvuvi alisema. Walipomshusha vidole vilikuwa vyeusi.

Siku za Kwaresima, watu wa ngome jirani walituvizia kivukoni. Mikuki ilitoka kwenye matete pande zote mbili, na farasi wa mbele wakaanguka wakiwalalia wenye farasi. Nilimwona mtu akijaribu kurudisha matumbo yake ndani kwa mkono mmoja, mkono wa pili bado umeshika hatamu. Hamo alianguka chali katika tope, na uzito wa deraya ukaanza kumvuta chini. Adui walimfuata kwa miguu, taratibu, kama watu wanaokwenda kuchukua samaki aliyekwisha kunasa.

Wulmar hakuwa na silaha. Alikuwa na sepetu lile jembamba la kuchimbia udongo mweusi tunaouchoma majikoni. Adui wa kwanza Wulmar alimkata uso, kuanzia nyusi hadi kidevu. Wa pili alimvunja goti, akamkalia kichwa ndani ya tope mpaka mapovu yakaisha. Wa tatu alikimbia. Kisha akamvuta Hamo kwa nywele hadi pakavu, akamgeuza kifudifudi, akamkanyaga mgongoni ili ayatapike maji.

Hamo alipopata pumzi alisema, "Umenishika nywele."

"Hapakuwa na pengine pa kushika, bwana."

Hamo aliwatazama wafu wake waliolala majini. Ngome haikai bila wapanda farasi, na waliobaki walikuwa wachache. "Chukua upanga wa huyo uliyemzamisha," alisema. "Kausafishe. Kesho asubuhi nitakufunga mshipi."

Tuliporudi nilimuuliza Wulmar kama anautaka ukubwa huo.

"Nautaka."

"Kwa watu hawa?"

"Sikiliza, msomi. Mwaka jana walichoma Elmby. Mwaka juzi walichoma vijiji vya ng'ambo. Holmey bado, lakini zamu yake inakuja. Mimi nikiwa mmoja wao, nikila nao meza moja, nani atachoma kijiji cha mwenzake?"

"Hamo."

"Kusoma kumekutia woga."

"Kumenitia macho."

"Basi yafumbe kidogo, unitakie heri."

Hakutaka kingine. Alitaka Holmey isiguswe, na alikuwa tayari kuvaa chochote, na kuapa chochote, ili isiguswe.

Jioni hiyo aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, nikaenda naye. Kwetu ipo desturi ambayo wazee hawajaiacha. Mtu atakayepewa upanga huungama kwanza, kisha huulaza upanga wazi juu ya altare wakati wa sala za jioni, na padri ndiye humfunga mshipi. Upanga uliotoka mkononi mwa mkubwa peke yake, wazee wetu huuhesabu kuwa kisu cha jikoni kilichorefuka. Nilimwambia Wulmar kwamba Wafaransa wanaidharau desturi hiyo, na kwao mwenye kanzu hana haki ya kumvisha mwanamume silaha.

"Mtu hakasirishwi na baraka," alisema. "Kesho Hamo ataniona nimekuja nimekamilika, atafurahi."

Watu wa Holmey wote waliafiki. Nani angechukia baraka?

Baba aliuchukua upanga kwenye altare kwa mikono miwili, maana ulikuwa mzito kwake. "Unaupokea kutoka mezani pa Bwana," alisema. "Usiunyoshe kwa mtu yeyote aliyeikimbilia meza hii."

"Sitaunyosha, Baba Padri."

Leveva alikuwa ameleta mkunga wa kuokwa na pombe ya shayiri. Alimzunguka mwanawe akimkagua.

"Umekuwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani."

"Anayekwenda kuuzwa, mama, au kununua?"

"Ng'ombe hajui, mwanangu. Ndiyo shida yake."

Asubuhi wapanda farasi walisimama uani, wamenawa, wamevaa nguo safi. Hamo alikuwa na mshipi mpya mkononi. Wulmar akaingia na upanga kiunoni, uso umemkunjuka.

"Bwana," Turstin akasema, "bibi harusi ameshaolewa."

Hamo akamtazama Wulmar. "Nani amekufunga?"

"Padri wetu, bwana. Altareni. Ni desturi ya babu zetu."

Walicheka mpaka farasi wakashtuka. "Mpanda farasi wa kanzu," mmoja alisema. "Tukianguka vitani atatunyunyizia maji." Turstin alipiga magoti mbele ya Wulmar akafumba macho na kutoa ulimi, kama anayengoja kulishwa mkate mtakatifu.

Hamo peke yake hakucheka. Hakuwa mjinga, alielewa kwamba mtu mwingine amemtangulia. Alichomoa kisu akaukata ule mshipi, upanga ukaanguka kwenye samadi.

"Uokote."

Wulmar akauokota.

"Piga magoti. Kati yako na mimi hakuna padri. Umesikia?"

Akamfunga mshipi wake kwa kuukaza, kama anavyofungwa punda. Halafu likaja pigo. Wafaransa hulitoa kwa kiganja, shingoni, na mara nyingi ni la mzaha. Hamo alikunja ngumi ndani ya glavu ya chuma akampiga mdomoni. Niliusikia mfupa. Wulmar aliyumba, akaweka mkono chini, akarudi magotini.

"Hilo ndilo la mwisho kulipokea bila kulilipa," Hamo alisema. "Na mimi ndiye mtu pekee usiyeweza kumlipa, leo wala siku yoyote. Apa."

Wulmar alitema meno kiganjani ili aweze kusema. Akaapa.

"Sasa kazi yako ya kwanza. Vyura wenzako wa Holmey wameingiza ng'ombe na nafaka kanisani, wanadhani sitaona. Nataka vyote. Utawatoa wewe. Wasipotoka, utawasha moto kwa mkono wako mwenyewe."

"Bwana, watu nao watakuwa mle ndani. Tukionekana kwenye tuta wataingia wote."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Sauti yako wanaijua."

Niliona damu ikimtiririka kidevuni na macho yakimhama. Mpango wake wote ulikuwa umegeuzwa kama gunia na kukung'utwa. Alikuwa amejitia ndani ya nyumba ya moto ili auzime, na sasa alikuwa amekabidhiwa kuni.

Tulitoka, wapanda farasi waliobaki wote, Hamo nyuma yao, na mimi mtafsiri juu ya nyumbu. Kengele ya kanisa ililia tulipokuwa bado mbali. Tuliona wanawake wakikimbia na watoto kiunoni. Wulmar alikuja kando yangu, akasema kwa lugha yetu bila kugeuza shingo.

"Ukuta wa nyuma ya altare. Bado ni wa matete?"

"Bado. Baba hakupata mawe."

"Na nyuma yake?"

"Unajua. Bwawa."

"Basi na watoke huko. Mimi nitazungumza mlangoni."

"Mnasemaje, Chura?" Turstin aliuliza.

"Namuuliza kama mama amepika."

"Ataiva yeye," mmoja alisema, wakacheka.

Wulmar alishuka, akaenda akagonga mlango wa kanisa kwa mpini wa upanga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Leveva.

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Mimi wa Leveva au mimi wa Hamo?"

"Matete ya nyuma, mama."

"Nimekuuliza swali."

"Nami nimekujibu. Matete ya nyuma ya altare. Sasa nitukane, tena kwa sauti kubwa."

Kisha Leveva akaanza. Sijapata kusikia tena matusi ya namna ile. Alisema alidhani amezaa mtu, kumbe amezaa kigoda cha kukalia Mfaransa. Alisema siku aliyozaliwa mwanamke aliyemzalisha alitaka kumtupa na kulea kondo la nyuma, na yeye kwa upumbavu wake akakataa. Alimtukania pua, miguu, na lile sikio lililobaki. Wanawake wengine wakamdakia, ng'ombe wakapiga kelele, watoto wakalia, na ndani ya ghasia ile mtu aliyesimama nje hangeweza kusikia matete yakikatwa.

"Anasemaje huyo mwanamke?" Hamo aliniuliza.

"Anamlaani mwanawe, bwana."

Akaridhika. Alikaa juu ya farasi wake akimsikiliza kama mtu anayesikiliza ngoma.

Nilijisogeza hadi kwenye pembe ya ukuta. Nikiwa hapo niliona mlango upande huu, na upande wa pili niliona watu wa Holmey wakitoka kwenye tundu, mmojammoja, wakiingia majini hadi vifuani. Wanaume walikuwa juu ya mironjo, zile fimbo ndefu tunazotembelea mabwawani, wakipokea watoto na kuwaweka mabegani. Farasi hawezi kwenda huko. Lakini tundu lilikuwa dogo, na vikongwe walikuwa wengi.

Uvumilivu wa Hamo uliisha. "Basi, inatosha. Mpeni kienge."

Wulmar alipokea kienge kinachowaka. Akakitazama, akakidumbukiza kwenye mtaro wa maji. Halafu akachomoa upanga akageuka, mgongo wake ukiwa mlangoni.

Wa kwanza hakuamini, alimjia akicheka, mkono umenyoshwa kama wa kumkamata mlevi. Mkono ule ulianguka chini na glavu yake. Wa pili alikuja na farasi. Wulmar alimkata farasi miguu ya mbele, na mtu aliporushwa juu ya kichwa cha farasi akakutana na ncha ya upanga shingoni. Hakupigana kwa ufundi. Alipasua kama mtu anayepasua kuni wakati wa baridi. Walimchoma pajani kwa mkuki, akaushika mkuki ule akauvunja na kuendelea na kipande ndani ya nyama. Walitaka kumzunguka lakini ukumbi wa mlango ni mwembamba, na kila aliyeingia aliingia peke yake. Turstin alipata pigo la kitako cha upanga usoni, akaanguka chali, koo wazi. Wulmar akamkanyaga mkono wenye silaha.

"Lala hapo, bwana," alisema.

Turstin akalala.

Ndipo Hamo aliposhuka kwenye farasi wake. Alikuja akitembea, bila ngao.

"Pigo langu hulilipi, knihti."

Wulmar alikuwa amekwisha kuuinua upanga. Nilimwona amemfikia. Shingo ya Hamo ilikuwa wazi chini ya chapeo, kila mtu aliiona, na nilisema moyoni, kata.

"Silipi," Wulmar alisema.

Akauacha upanga uanguke. Akatandaza mikono akashika miimo miwili ya mlango, huku na huku, akasimama hivyo.

Nimelia kwa hasira juu ya jambo hilo, na bado nalia. Kiapo cha mtu aliyevunjwa meno si kiapo. Walimu wangu wangethibitisha hayo kwa hoja tele, na mimi ningekuwa mahali pake ningemkata Hamo na kulala usingizi. Lakini Wulmar alikuwa amepokea vitu viwili, upanga wa altareni na pigo la uani, na hakuona kwamba ana haki ya kuchagua kimoja cha kuheshimu. Akavilipa vyote viwili, kwa mwili wake.

Hamo alimkata bega. Mkono wa kulia ukalegea, akabaki ameshika kwa wa kushoto. Akamkata tena. Kila pigo Hamo alisema, "Toka," na Wulmar hakutoka, aliangalia tu chini kama mtu aliyesimama kwenye mvua. Ilibidi Hamo amkate vidole vya mkono wa kushoto kwenye mwimo. Hata hapo aliangukia mlangoni, na wawili walihitajika kumvuta pembeni.

Walipouvunja mlango walikuta ng'ombe na nafaka. Mtu hakuwamo. Baba yangu alikuwa wa mwisho kutoka, nami nilimwacha nyumbu nikashuka majini nikamdaka. Tulikuwa tumefika kwenye matete makubwa paa liliposhika moto nyuma yetu.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Tulikuwa tumejibanza kwenye kipande cha nchi kavu, tumelowa, na watoto wawili walikuwa wamekufa kwa baridi. Wanaume walishika mikuki ya kuvulia mikunga, ile yenye meno mengi. Ndipo tuliposikia kwato kwenye tuta.

Farasi alikuwa mmoja. Turstin alikuwa akimvuta kwa miguu, kichwa wazi, uso umevimba, hana ngao. Juu ya tandiko kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa joho lake zuri la kijani. Baadaye nilisikia Hamo aliamuru maiti ile wapewe nguruwe, na kwamba Turstin aliondoka nayo alfajiri bila kumuaga mtu. Alifika mahali ambapo tuta huishia topeni, akasimama. Alifahamu kwamba tupo ingawa hakutuona. Akasema kwa lugha yetu, ambayo aliijua maneno machache tu, nayo akayavunja.

"Mama wa Chura. Mimi leta yeye."

"Mwacheni," nilisema. "Amemleta Wulmar. Mwacheni apite."

Niliwashika mikono. Mtu mmoja alinisukuma kwa kiwiko nikaenda majini. Walitoka kwenye matete pande zote, na wavu ukaruka kwanza, ukamfunika kichwa na mabega. Mkono wake haukuuendea upanga. Alisema tena, "Leta yeye," kisha mikuki ya meno ikamwingia tumboni na mapajani, na kwa kuwa haikutengenezwa kuua kitu kikubwa, ilichukua muda mrefu. Alimwita mama yake kwa Kifaransa. Ni mimi peke yangu niliyeelewa.

Leveva alipita katikati yao bila kumtazama mtu. Maji yalimfika magotini. Aliishika hatamu, akampapasa farasi puani akimnong'oneza atulie, akamgeuza polepole kuelekea kwenye matete, naye farasi akamfuata.